Usiulize Tena

...na lile dirisha jeusi la skrini lilitokea likapotea, kufumba na kufumbua, Jared hajui hata kama aliliona kweli ama ni macho tu, lakini flashi ya Clifford bado imechomekwa ubavuni mwa kompyuta ya zahanati, inameta kijani, inameta, na mkono wake juu ya kipanya umekataa kusonga, "Omera, ndugu yangu, zimefunguka?" anauliza Clifford, binamu yake, ametoka Homa Bay asubuhi hii na picha za marehemu za kuchapisha, picha tu, alisema, dakika mbili, na sasa mafaili yanageuka majina moja baada ya jingine, herufi ambazo hata si lugha ya mtu, na hayo si mafaili ya matanga, ni ya wagonjwa, wale wanaokuja kila mwezi kuchukua dawa wakipitia mlango wa nyuma ili watu wa Karungu wasiwaone... chomoa waya wa mtandao, amechomoa? amechomoa, ule pale mguuni, ama amechelewa, na azime mashine? akizima labda ndiyo vyote vinaenda... zamani kompyuta ilikuwa inauliza, unaruhusu programu hii ifunguke, ndiyo au hapana, kila mara, mpaka Nesi Cate akamcheka mbele ya watu, "Jared yawa, hiki kitu chako kinahoji watu kama polisi wa mpakani!" naye akapandwa na hasira, yeye aliyejifundisha kompyuta bila mwalimu, yeye asiyeficha kitu, akaingia kwenye mipangilio akaweka alama penye usiulize tena, chochote kitakachochomekwa kijifungue chenyewe, na foleni ikaenda mbio, wakamshukuru, miezi minne wakimshukuru... na Rael yumo humo ndani ya mafaili, dada yake, nambari yake anaijua bila kutazama, mumewe hajui, mama hajui, na kama majina yameshatoka yanasomwa wapi, na nani, "Imekwama?" Cate yuko mlangoni, "ama ni stima tu, umeme unayumba?" stima, ndiyo, sema stima, amekupa njia mwenyewe, neno moja na hakuna atakayejua... lakini lile swali, Mungu wangu, halikuwa la kumsumbua yeye, lilikuwa likiuliza kwa niaba ya Rael, naye akalijibu mara moja kwa siku zote bila kumwambia, "Jared?" taa inameta kijani, mkono bado uko juu ya kipanya, na neno linalompanda kooni si stima.