Kontena za Kijani

"Programu yangu haina shemeji wala mjomba," Injini aliwatangazia wakaguzi wa forodha asubuhi ile, kifua mbele. "Ikisema kontena nyekundu, nendeni na pingu kabisa."

Jina la Injini walimpa wao, maana hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Alikuwa ameilisha kompyuta rekodi za ukaguzi za miaka kumi, ijifunze yenyewe mizigo ya udanganyifu inafananaje. Mkuu wa kituo akampa siku moja ya majaribio: kontena ambazo programu itazipa alama nyekundu zifunguliwe, za kijani zipite. Ikifaulu, ajira. Ikishindwa, kila la heri.

Kontena nyekundu ya kwanza ilikuwa na magodoro. Hati ilisema magodoro. Ya pili vigae, na hati vigae. Kufikia ya tano, Injini alikuwa ameizunguka meza hadi sakafu inamwonea huruma.

"Mdogo wangu, kaa, unanitia kizunguzungu," alisema mkaguzi mkongwe, mama mwenye mdomo mwepesi. "Na hizo pingu tumfunge nani? Godoro?"

Wenzake wakavunjika mbavu. Mama akainamia skrini, akaona fomu ya zamani iliyopigwa picha.

"He! Huu si mwandiko wangu? Mbona mwenye mzigo huu umemtia kwenye wadanganyifu?"

"Si uliandika K, dada? Kosa."

"K ni kamili! Kosa tunapiga X."

"X... mimi nilidhani mmefuta kosa, mzigo ni safi."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amefika mbali kimawazo, lakini Injini alishafika. Kama mashine ilijifunza kichwa chini miguu juu, basi wezi wote wako kwenye kijani. Na kijani zilikuwa zimepanga foleni getini, lori la mbele linanguruma.

Akinyamaza, ajira huenda ikapona mpaka kesho. Akisema, imekwenda leo. Alikaa. Akainuka. Akakaa tena. Halafu miguu ikaamua bila yeye, akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

"Funga geti! Funga!"

Lori la mbele, lenye hati ya vitabu vya shule, lilipofunguliwa, ukurasa haukuonekana hata mmoja. Sigara, maboksi mpaka darini.

Mkuu akafika, mikono kiunoni. "Injini, imekuwaje?"

Hapo ulimi ukaponza kilichookolewa na miguu. "Mkuu, ni masijala. Walinipa mafaili tu. Hakuna aliyenieleza herufi zao."

"Ati nani hakukueleza?" sauti nyingine ikadakia.

Mtunza masijala alikuwa amesimama nyuma ya mkuu, ameleta faili la kusainiwa, miwani puani.

"Mwanangu, siku ile nilikufuata mpaka kwenye ngazi. Nikakwambia, K ni kamili, X ni kosa, andika usije ukasahau. Ukanijibu nini?"

Injini akatazama soksi yake.

"Mwambie mkuu ulivyonijibu."

"Nilisema... bibi, hii ni sayansi."