Jiwe la Pipa la Kabichi

"Bogumiła, hilo jiwe lako la kabichi ulilitoa wapi? Mbona upande mmoja limenyooka kama meza?"

Ndivyo alivyouliza zamani jirani yao Stefania, Kinga akiwa bado mtoto wa kushika sketi ya mama yake. Bogumiła, mama yake Kinga, hakuinua hata kichwa.

"Mtoni. Na wewe lako ulilitoa wapi, mbinguni?"

Wakacheka, wakaendelea kukata kabichi ya kuchachusha.

Kinga alikuwa amelisahau swali hilo mpaka Oktoba ya mwaka tisini na saba, alipokuwa mwalimu wa darasa la tano. Alipanda treni kwenda mji mkuu, Warszawa, kwa mafunzo ya siku nne, kujifunza namna ya kuwafundisha watoto habari za maangamizi ya Wayahudi. Wanafunzi wake walikuwa wakitajiwa mamilioni ya waliouawa, wanapiga miayo. Alitaka kurudi na kitu cha kushikika.

Siku ya tatu mkufunzi aliwaonyesha picha za mawe ya makaburi. Wajerumani waliyang'oa kwenye makaburi ya Wayahudi wakayatandika barabarani, na baada ya vita wenyeji wakajichukulia. Hili limekuwa kinoo. Hili ni kizingiti cha banda la nguruwe. Na hili, la kukandamizia kabichi ndani ya pipa.

Kinga akalikumbuka jiwe la mama yake, lililonyooka upande mmoja. Kabichi ya namna hiyo alikuwa ameila maisha yake yote.

Jumapili mchana alimkuta mama yake ametoka misani, anachungulia pipa.

"Umekonda, mwanangu. Huko Warszawa hawali?"

"Mama, nisaidie kuinua jiwe."

"Hata koti hujavua! Kabichi ina siku tano tu, haijaiva."

"Sitaki kabichi."

Akazamisha mikono kwenye maji ya chumvi, akalitoa, akaligeuza mezani. Upande wa chini ulikuwa umechongwa mshumaa uliokatika katikati, na chini yake herufi zilizoliwa na chumvi. Kipande cha karoti kilikuwa kimenasa ndani ya herufi moja.

Kinga akaketi bila kuvua koti.

"Ni la mwanamke," alisema. "Kwenye makaburi ya Wayahudi, mshumaa huchongewa wanawake. Jina tu ndilo sijui kulisoma."

"Hinda," alisema mama yake.

Kinga akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa akiuza nyuzi na vifungo. Mjukuu wake, Frymeta, nilikaa naye dawati moja. Jiwe hili liliposimamishwa nilikuwepo. Tulikuwa na miaka tisa. Frymeta aliupapasa mshumaa huo kwa kidole, na mimi nikaupapasa."

"Frymeta yuko wapi?"

"Walichukuliwa wote siku moja."

"Kwa hiyo ulijua! Miaka yote hii, mama?"

"Baba yako, Mungu amrehemu, alilileta kwa toroli walipofumua barabara. Kila mtu alikuwa anachukua. Mwaka wa kwanza nililia, nikaligeuza kifudifudi. Baadaye..." Bogumiła alikuwa akifuta meza mahali pasipo na maji. "Baadaye likawa jiwe tu."

Kinga akakichokoa kile kipande cha karoti, akakiweka pembeni.

"Kesho saa nne nina somo. Njoo uwatajie watoto jina lake."

"Mbele ya mjukuu wa Stefania? Hata jioni haitafika, mji mzima utakuwa unanisema."

"Wale watoto wanajua mamilioni, hawajui hata jina moja, mama. Hata moja."

Kesho yake Bogumiła alikuja na koti lake la kanisani, akisukuma toroli, jiwe limefungwa ndani ya shali. Wakaliweka juu ya meza ya mwalimu. Akawaeleza watoto habari za Hinda na vifungo vyake, za Frymeta na dawati, za kidole juu ya mshumaa, na za pipa la kabichi. Hakuna aliyepiga mwayo. Kinga akashusha pumzi, akidhani yamekwisha.

Marcelina, mjukuu wa Stefania, akanyoosha mkono.

"Bibi, na hiyo kabichi mliila?"

Kinga alifungua kinywa amkemee. Mama yake akamzuia kwa kiganja.

"Tuliila," alisema Bogumiła. "Kila mwaka. Na ilikuwa tamu."

Akaupapasa mshumaa kwa kidole kimoja, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akatoka.