Sanduku la Noeli la Mama Gaël

Mtu akitaka kumjua Emérance vizuri, amtajie neno deni. Atawaka papo hapo, hata kama yuko pale mlangoni mwa soko anampimia mteja makala, mkaa wa kupikia. "Deni? Usinitajie deni miye! Kukopa harusi, kulipa matanga!" Na hapo mteja atasimuliwa Noeli ya mwaka jana yote, apende asipende.

Noeli ile walikula, hakuna ubishi. Mchele, kuku, soda za watoto, viatu vipya vya wanawe Gaël na Abigaël, vyote kwa deni katika butiki ya Papa Fiacre, hatua chache kutoka kwao pale mtaani Mbunya. Walikula siku moja, lakini kulipa kulipita hata Pasaka. Papa Fiacre hakupiga kelele, la. Alikuja tu asubuhi na kiti chake mwenyewe, akakaa katikati ya parcelle yao, uani mbele ya mlango, akamsalimia kila apitaye: "Bonjour, niko nangojea Mama Gaël." Mtaa mzima ulijua. Emérance, mtu mzima na kapu lake kichwani, akawa anatoka kwa kuruka ua wa jirani kama mwizi wa kuku. Aibu ile haikumtoka.

Basi mwaka huu aliapa. Na kwa kuwa alijua pesa, franga, hazina adabu, leo mtoto anaumwa, kesho shemeji ana kilio, hakuweka franga. Aliweka vitu. Kila makala ilipouzika vizuri alinunua kitu kimoja cha Noeli, akakitia katika sanduku la bati chini ya kitanda: mchele, bidoni ya mafuta, sukari, nyanya za kopo, viatu. Kufuli juu, ufunguo shingoni. Franga zikijulikana zipo utaombwa, alisema, lakini nani ataomba mchele asioujua? Hata Étienne, mumewe, ambaye kutwa yuko barabarani na pikipiki yake akibeba watu na habari zao, alikatazwa kulitaja sanduku hilo.

Desemba ilipoanza, Véronique akafika. Huyu ni mke wa mdogo wake Étienne, kutoka kijiji kimoja cha Djugu, na alikuja na watoto watatu, mdogo kabisa akiwa mgongoni. Kijiji kilikuwa kimekimbiwa kwa ajili ya vita. Mumewe alibaki nyuma kumtafuta mama yake mzee. Walichotoka nacho ni sufuria moja na kikwembe cha bluu cha kumbebea mtoto, kile ambacho Véronique alipewa na mama yake siku ya ndoa.

Emérance alimkumbatia, akalia naye, akabandika maji watoto waoge. Msimdhanie hana moyo. Lakini moyo wenyewe, hata machozi hayajakauka, ulikuwa umeshakimbilia chini ya kitanda.

"Véro, mudogo wangu, mutatuvumilia," alisema. "Nyumba iko tupu. Mwaka hii hatuna kitu."

"Yaya, siye tuko bazima. Hiyo inatosha," Véronique alimjibu, akimwita yaya kama dada yake mkubwa.

Tangu hapo Emérance hakupata raha. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Véronique hakungoja kupewa. Alichota maji, alifagia, alitwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka jirani wakauliza huyu mama wamemtoa wapi. Angalau angekuwa mvivu, Emérance angepata la kumlaumu! Jioni wote walizunguka bugali na sombe isiyo na tone la mafuta. Watoto wa Véronique walikula kwa adabu, wakalamba vidole, wakasema asante mama mukubwa. Kila asante ilimchoma.

Sokoni hakukaa. Kabla jua halijafika utosini alimwachia mwenzake makala yake, akapanda mtaa mbio, akaingia chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti, akashika kufuli. Lipo. Akatoka jasho likimtiririka.

"Yaya, umesahau kitu?" Véronique alimuuliza siku ya kwanza.

"Leso."

Kesho yake tena, leso. Jamani, leso gani hiyo inayosahauliwa kila siku? Véronique hakuuliza tena, alimtazama tu. Na Emérance akikaa anasimama, akisimama hajui anakwenda wapi, sufuria ikianguka jikoni anashtuka kwamba wamelivunja.

"Batoto ba ndugu yangu banakula sombe ya maji," Étienne alimwambia, walipokuwa wawili, "na siye tuko nalala juu ya mafuta."

"Na mwaka jana nani alikuwa naruka ua? Weye ao miye?" Emérance alimjibu. "Siku ya Noël nitafungua, na Véro na batoto bake ndio batakula wa kwanza. Nikifungua leo, tutakula siku tatu, tumalize. Kisha? Kwa Papa Fiacre tena!"

Hesabu yenyewe haikuwa ya kijinga. Midomo ilikuwa mingi na sanduku ni moja. Emérance alijua ana haki. Kilichomtesa ni kwamba haki hiyo haikumpa hata lepe la usingizi.

Noeli ilipokaribia, kitu kingine kikaanza kumkera. Véronique aliacha kumbeba mtoto mgongoni. Alimkumbatia kifuani mchana kutwa, akichota maji kwa mkono mmoja, akisonga bugali kwa mkono mmoja, na mtoto analia anataka mgongo wake. "Sasa huyu naye anajifanya mama wa mjini," Emérance alijisemea, akamwonea hasira ambayo hata mwenyewe alijua si ya haki.

Tarehe ishirini na nne makala ilikwisha mapema. Emérance alirudi na kapu tupu na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze alitembea taratibu. Amefika! Kesho atafungua sanduku mbele ya wote, na hakuna mtu atakayekuja na kiti. Alipokaribia nyumbani, harufu ya kitunguu kinachokaangwa ikampiga usoni. Kitunguu, tena katika mafuta.

"Yesu wangu! Wamelivunja!"

Alitupa kapu, akapita watu ukumbini bila salamu, akajitupa chini ya kitanda. Kufuli lipo. Akalivuta, likagoma. Sanduku zito vile vile. Akatoka polepole, magoti yana vumbi. Pale mezani sufuria ya wali ilikuwa inafuka moshi, nyanya nyekundu juu, watoto wote midomo inang'aa mafuta. Véronique alikuwa amemwekea sahani yake pembeni, imejaa kuliko zote.

"Hii bitu imetoka wapi?" Emérance aliuliza.

"Kula kwanza, yaya."

"Véro! Imetoka wapi?"

Véronique akainamisha uso. "Usikasirike. Niliona haulale, haukae. Kila siku unatoka soko mbio, unajifungia mu chumba, unapiga magoti. Nilikuchungulia siku moja, unisamehe. Nikajua yaya anaenda kusali, juu ya Noël imefika na nyumba iko tupu, na anatulisha siye tena. Ikaniuma sana. Mutu mwenye alitupokea hawezi kukosa Noël juu yetu."

"Franga ulitoa wapi?"

"Haiko franga. Ni deni, kwa ule papa wa butiki. Lakini ni kwa jina yangu, usiogope. Alisema wiki ya Noël hakopeshe mutu, basi nikamupelekea kikwembe cha rehani mapema, leo akanipa muchele na mafuta. Nisipolipa mbele ya mwaka mupya, Bonne Année, atakiuzisha."

Mtoto alikuwa analia begani mwake. Emérance alitazama ule mgongo mtupu, na aibu ikampanda toka miguuni mpaka masikioni, aibu kubwa kuliko ile ya Papa Fiacre na kiti chake. Étienne, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama pembeni.

Emérance akageuka. Aliingia chumbani, akaliburuta sanduku mpaka ukumbini, bati likilia juu ya saruji, akavua ufunguo shingoni, akafungua. Mchele. Mafuta. Sukari. Watoto wakaacha kutafuna.

Véronique akasogea, akatazama ndani.

"Ilikuwa humu toka tulipofika?"

"Ndiyo."

"Na miye nilikuwa nakuhurumia," Véronique alisema, wala hakusema kwa ukali.

Ee Mungu, heri angetukana! Emérance alitia mchele na bidoni ya mafuta katika beseni kubwa, akajitwika, akatoka. Jirani walimwona akishuka mtaa mkesha wa Noeli na akiba ya mwaka mzima kichwani. Wakamuuliza anakwenda wapi, akazidisha mwendo. Machozi yalikuwa yanamtoka na mikono yote miwili imeshika beseni, kwa hiyo hakuyafuta.

Papa Fiacre alikuwa anafunga butiki. Alimwona, akacheka.

"Mama Gaël! Leo weye ndio unaniuzia?"

"Nimekuya kulipa deni."

"Deni gani? Mwaka hii weye hauna deni kwangu, hata kidogo. Ile ni ya mugeni wako."

"Ni yangu," alisema Emérance, akashusha beseni mbele ya mizani. "Pima."