Tangulia, Mama

Mama mkwe alikufa tena kabla chai yake haijapoa. Msishtuke jamani, alikufa kwenye kompyuta tu, mbele ya lango la Malkia wa Tope. Mwenyewe alikuwa ameketi mezani sebuleni, miwani puani, mzima wa afya ila mkono wa kushoto. Aliweka padi ya kuchezea juu ya meza na kuutazama mkono ule kama mgeni aliyekaa mno.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Yule mwanamke ana mikono sita. Mimi nina mmoja na nusu. Tusidanganyane."

"Pole, mama," alisema mkwe wake, fundi bomba, aliyekaa ng'ambo ya meza na kompyuta ya mke wake. "Tujaribu mara nyingine?"

"Jaribu wewe. Mimi nimechoka kufa."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na adhuhuri fundi wa nguo wa mtaa wa pili alikuwa anakuja kuchukua cherehani ya mama.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, fundi haswa, si wale wa kukupa suruali yenye mguu mmoja mrefu. Kiharusi kilipompiga, mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, tena ulirudi na makali yake yote. Mkono wa kushoto ndio uliogoma. Vidole vilifunguka kwa kusitasita, na mtaalamu wa mazoezi akasema dawa ni kuvitumia kila siku, kwa kitu chochote anachokipenda.

Sasa, alichokipenda mama yule baada ya kushona ni gemu. Ndiyo, gemu. Wateja wakishaondoka alikuwa akifungua kompyuta pale pale dukani, anavaa joho, anachukua mkuki, anaingia kwenye misitu ya majoka na wafalme waliolaaniwa. Na alichagua gemu gumu kuliko yote, lile lisilo na kiwango cha wanaoanza wala huruma kwa mgonjwa. Linakuua mpaka ujifunze, basi. Alipolirudia baada ya kuugua, hata mbwa wa getini, maadui wa mwanzo kabisa, walimshinda. Hapo ndipo alipoutolea mkono wake hukumu.

"Kama hauwezi kushika ngao ya kuchora," alisema, "utashikaje kitambaa? Cherehani imwendee mwenye mikono."

Maneno hayo yalimuuma fundi bomba. Aliyasikia akiwa chini ya sinki la jikoni, akaendelea kukaza mpira uliokuwa umeshakazwa. Akaulizauliza huku na huku, mpaka akaambiwa kuna nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe, inaitwa modi. Gemu lenyewe liliruhusu kumwita msaidizi, lakini kwa muda mfupi tu, kisha linamtimua. Mkiwa na modi mnaandika neno moja la siri, kila mtu kwenye kompyuta yake, halafu mnatembea pamoja mwanzo hadi mwisho. Mmoja akianguka, mwenzake anaendelea kupigana.

Mama mkwe alipoelezwa alikunja uso. "Ndiyo ile ya kutokufa? Hapo sasa nacheza au naangalia sinema?"

"Hapana, mama. Maadui ni wale wale, mapigo yale yale. Tofauti ni kwamba mko wawili."

Alifikiri. "Wawili," alisema. "Haya, lete."

Neno la siri fundi bomba aliweka "shikamoo", maana ndiyo tabia yake. Na siku ile ya kwanza nyumba nzima ilipata nafuu, nakwambia. Mbwa wa getini walikimbia wenyewe. Mama alicheka mpaka akavua miwani, na usiku ule alikula akamaliza. Waliuvuka msitu, wakavuka daraja, wakafika kwa Malkia wa Tope. Hapo wakagota. Kila wakiingia langoni, malkia anamrukia mama, mama anakufa, na mkwe anayebaki anamalizwa kama kuku.

Na sasa saa zilikuwa zinakwenda. Mke wa fundi bomba, muuguzi aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, alikuja sebuleni na beseni la nguo zilizokauka, akaanza kukunja.

"Mara moja tu, mama," alisema fundi bomba. "Nakuomba."

Mama akaguna, akaichukua padi. Wakafika langoni. Fundi bomba, mwenye deraya nzito na ngao kubwa kama mlango, akasimama kando. "Tangulia, mama," alisema.

Mama akaingia. Malkia akamgeukia yeye.

"Mama, samahani," alisema fundi bomba, "kama hutajali, naomba usogee kidogo upande wa..."

"Nimeshakufa, baba," alisema mama mkwe.

Mke wa fundi bomba alikuwa ameshikilia shati hewani. "Hebu ngoja," alisema. "Huyo malkia si anamwandama anayeingia wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Na anayeingia wa kwanza kila siku ni nani?"

"Mama."

"Mwenye mkuki na vazi la kitambaa! Na wewe mwenye ngao unangoja nini huko nje?"

Fundi bomba alihisi masikio yakiwaka. "Sasa mimi nitamtanguliaje mama mlangoni?"

Mke wake akaangua kicheko mpaka shati likamponyoka. Mama mkwe hakucheka. Alivua miwani, akamkazia mkwe wake macho.

"Kwa hiyo siku zote hizi," alisema, "umekuwa ukinisindikiza kaburini kwa heshima?"

"Nisamehe, mama."

"Na mimi nalaumu mkono! Mungu wangu, naulaumu mkono wa watu bure!" Akapiga meza kwa mkono huo huo. "Sikiliza. Leo mezani hapa hakuna mkwe. Tangulia wewe, na ukitaka kuniambia kitu, niambie kama unavyowaambia mafundi wenzako bomba likipasuka."

Fundi bomba akatangulia. Moyo ulimdunda kama anaingia chumbani kwa mtu bila hodi. Malkia akamshukia na mikono yote sita, naye akajikinga, huku nyuma mama akichoma mkuki, anarudi, anachoma tena, bila haraka, kama mtu anayepiga bandi kwenye nguo. Damu ya malkia ikapungua, ikabaki kiduchu. Ndipo ngao ikavunjika na fundi bomba akaanguka.

Mama akabaki peke yake. Malkia akageuka, akainua mikono. Kitufe cha kukwepa hubonyezwa kwa kidole cha mkono wa kushoto, ule ule uliogoma.

"Ruka!" fundi bomba alipayuka. "We mama, ruka! Ruka sasa hivi!"

Kidole kikabonyeza. Mama akaruka pembeni, mikono sita ikapiga tope, na mkuki ukaingia mbavuni. Malkia akayeyuka mbele ya macho yao.

Mke alipiga vigelegele, nguo zote chini. Fundi bomba aliinuka kitini haraka. "Nisamehe, mama, nimekuita 'we', sikukusudia..."

Mama mkwe hakumsikia. Alikuwa anakifungua kidole, anakifunga, anakifungua. "Kimebonyeza," alisema. "Polepole, mzembe huyu, lakini kimebonyeza." Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Hodi!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa fundi wa mtaa wa pili, binti mpole, amekuja na mkokoteni. "Shikamoo, mama. Nimeifuata ile cherehani."

Mama mkwe aliinuka, akajifuta uso, akaenda mpaka mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Nimekusumbua na jua lote hili, unisamehe. Cherehani haitoki."

Binti akababaika. "Basi, mama, hakuna neno..."

"Usiondoke, bwana. Kuna gauni la mteja limekaa tangu niugue. Mkono wangu wa kushoto bado mvivu. Wewe nishikie kitambaa upande huo, mimi nitaongoza huku. Tukiwa wawili tutalimaliza."

Wakaingia chumba cha ndani. Cherehani ililia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena kwa muda mrefu zaidi. "Vuta!" sauti ya mama ilisikika. "Vuta, usinionee haya!" Fundi bomba akaokota shati sakafuni, akajifuta macho nalo. Mke wake aliona, akamwachia.