Hodi ya Tatu

Usingizi unanichukua mchana kweupe, juu ya kitanda ambamo mtu anaweza kupotea, katika hoteli ya kifahari kwenye ufuko wa Mediterania ambako wanangu wametuleta kula fungate, mimi na Mbaruku, mume wangu mpya. Nasema mume wangu, lakini neno lenyewe mdomoni halijanitoka hata siku moja. Namwita Bwana Mbaruku, kama namwita karani wa posta, naye maskini anaitika tu, hanuni. Ni huyu moyo wangu. Marehemu Hamduni alianguka ghafla mwaka juzi, hatukuagana, na tangu niolewe tena moyo unaniuliza, je, yule amekuwia radhi? Basi Mbaruku ameshuka kutafuta chai ya maziwa, maana hapa ukiagiza chai wanakuletea maji ya moto na kijifuko chenye uzi, hasara tupu. Nami nafumba macho, kidogo tu.

Nikiyafumbua nimesimama peku ukumbini, sakafu ya marumaru inang'aa hata naiona hoteli nyingine chini yake, imepinduka, minazi haina, milimau yake imening'inia kichwa chini, na ndani yake mwanamke anatembea wayo kwa wayo na mimi. Ni mimi huyo, ila amevaa nguo za eda. Bawabu anakuja kunipokea. Kofia anayo, vifungo vya dhahabu anavyo, uso hana, mahali pake ni laini kama yai. Siogopi, katika hoteli hii kila kitu ni laini. Namuuliza chumba cha Hamduni kiko wapi. Kitendawili, ananijibu. Tega, namwambia. Mwenye nacho akikitoa hakimpungukii, aliyekikosa halali usingizi. Radhi, nasema, kwani mie mtoto? Umepata, anasema, nenda, njia itakufuata. Na kweli inanifuata, kila nigeukapo iko nyuma ya visigino vyangu, ushoroba unakuwa kichochoro cha nyumba nyeupe, kichochoro kinakuwa ufuko, ufuko unatandikwa zulia na kuwa ushoroba tena, bahari inapumua nyuma ya kuta, na upepo wake mzuri jamani, nasikia raha hata nasahau kwamba nimepotea. Milango ya hapa ukiisogelea inajifungua yenyewe, haina adabu. Nafika kwenye mmoja usiojifungua. Unangoja hodi.

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unarudi ulikotoka, huchungulii dirishani. Hodi, nasema. Kutoka ndani nasikia kikohozi, kile kikohozi cha Hamduni alichokuwa akikitanguliza mlangoni kila jioni ili wanawake waliomo ndani wajisitiri. Hodi, nasema tena. Ya tatu naishikilia mdomoni, maana nikiikosa hii nimemkosa, kisha naitoa, hodi.

Nani?

Mimi.

Mimi nani? anauliza, kwa sauti yake ile ile ya kukereka, maana jibu hilo hakulipenda maisha yake yote, akisema kila mtu ni mimi.

Mwantumu, nasema, na hapo nakwama. Mwantumu mke wa Hamduni, ndivyo nilivyojitambulisha milangoni ujana wangu wote, na yule wa chini, mwenye nguo za eda, tayari amefumbua mdomo kulisema jina hilo. Nikilisema mlango utafunguka, najua, na nikishaingia sitoki tena. Jamani, nataka kuingia. Lakini namkumbuka Mbaruku huko jikoni, akiomba maziwa kwa ishara za mikono mbele ya watu wasiojua lugha yake, kwa ajili yangu. Mwantumu, nasema, mke wa Mbaruku.

Halafu Hamduni anacheka, kicheko kimechanganyika na kikohozi. Basi hapa si kwenu, ananiambia. Rudi, chai isikupoe. Radhi nilikwisha kukupa, Mwantumu, ni wewe tu hukuja kuulizia.

Nalia, na kilio chenyewe ni kitamu.

Hodi. Niko kitandani, pazia linapepea, shavu limelowa. Hodi, mlangoni. Nani? nauliza. Mimi. Mimi nani? Mbaruku, anasema, nimeisahau kadi ya mlango humo ndani na chai inaniunguza vidole. Nateremka. Sakafu inang'aa, na yule wa chini naye anateremka, amejitanda kanga za bibi harusi kama zangu. Nakaribia kushika kitasa, na nyuma yangu, kutoka bafuni, mtu anakohoa, kikohozi kimoja cha kistaarabu, cha mtu anayeaga au anayeingia, sijui. Sijui pia niko hoteli ipi, ya juu au ya chini. Sigeuki.

Karibu, mume wangu, nasema, na nafungua.