Nadhiri ya Mechi ya Tano

Ko!

Sufuria moja tu, upande wa pili wa ukuta, kwa mzee Quirino. Kisha zikawa mbili, kisha tano, kisha mtaa wetu mzima hapa San Pedro ukawa unagonga sufuria kwa miiko, na mbwa wakadakia. Kwenye televisheni yetu mrushaji wa besiboli alikuwa bado anaupangusa mpira kwenye suruali yake, na mpigaji wetu Yorvin Germosén amesimama na gongo begani kana kwamba hakuna lililotokea.

Jirani zangu si wachawi. Redio huwahi. Televisheni yetu huchelewa sekunde saba au nane, na kila Januari, fainali zikifika, sisi tunaotazama picha huletewa jibu kabla ya swali. Nimezoea. Lakini Jumapili ile, mechi ya tano, tukiwa nyuma kwa mikimbio miwili na wachezaji wetu wawili wakisubiri kwenye vituo pigo la kuwakimbiza, nilisimama katikati ya sebule, mwanangu wa siku kumi na tisa mkononi, nikasema kwa sauti kuu:

"Akiutoa nje ya uwanja, mtoto huyu ataitwa Germosén!"

Mara gongo likalia kwenye televisheni. Mpira ukapanda, ukavuka ukuta wa kushoto, ukavuka na tangazo la rangi za nyumba, ukaenda kuangukia kwa wauza machungwa barabarani. Tukawa mbele kwa mmoja. Nikapiga kelele, mtoto naye akapiga zake.

Mama mkwe wangu, doña Chepa, hakupiga kelele. Alikuwa anamenya ndizi za jioni.

"Nolberto," aliniita. "Umeapa kabla ya sufuria, au baada?"

"Kabla!"

"Haya."

"Kabla, mama! Naapa!"

"Unaapa tena? Pumzika kwanza, ile nyingine haijapoa."

Mke wangu Mirelis akatoka bafuni, taulo kichwani. "Mimi nimesikia sufuria," alisema, "halafu nikakusikia wewe."

"Wewe ulikuwa unaoga! Ungesikia nini na maji yanavyopiga kelele?"

"Maji yamekatika tangu saa sita, bwana. Nilikuwa naoga kwa kopo."

Mtoto hakuwa na jina. Mirelis alitaka aitwe Anselmo, jina la baba yake, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, aliyefariki miezi minne kabla hajamwona mjukuu. Mimi tangu nikiwa na miaka tisa nilikuwa na jina moja tu la kumpa mwanangu wa kwanza, na kila mtu mtaani alilijua. Ila kwa miaka miwili jina hilo lilikuwa limenikwama kooni, halimezeki wala halitemeki. Basi siku kumi na tisa nikawa namwita mtoto "bosi", na Mirelis akawa ananitazama.

Germosén ni wa mitaa mitatu kutoka kwetu. Nilimwona kwa macho yangu akiwa kijana, akipiga mpira wa kushonwa kwa matambara hadi dirisha la kituo cha polisi likavunjika. Wenzake wote walikimbia. Yeye akaenda mwenyewe mlangoni, gongo mkononi, akasema, "Ni mimi." Siku hiyo nilimjenga mtu mzima ndani ya kichwa changu, na nikaishi naye miaka.

Halafu ikaja habari kutoka Marekani kwamba wamemkuta na dawa za kuongeza nguvu kwenye mkojo. Nilikuwa kwa Fello kinyozi. Fello akasema, "Mimi nilisema zamani, shingo ile haikujengwa na wali na maharage." Nikamtandika ngumi. Akatema jino kwenye beseni lake la kuoshea wembe. Wiki ya tatu Germosén akatokea kwenye televisheni, amevaa tai, anasoma karatasi: ni kweli, anaomba radhi. Nilikuwa nimemvunja mtu jino kwa ajili ya uongo. Fello bado ndiye anayeninyoa. Hajawahi kulitaja. Ila anapofika nyuma ya sikio, hupiga mluzi, na mluzi hupita kwenye lile pengo.

Msimu huu Germosén karudi kucheza nyumbani. Siku ya kwanza nilimzomea hadi sauti ikapotea. Siku ya pili nikamzomea tena. Siku ya tatu alituokoa mwishoni mwa mechi, nikajikuta nimemkumbatia muuza karanga nisiyemjua, tunarukaruka kama ndugu waliopotezana. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Sasa ni msafi? Wanasema wanampima. Hata zamani walikuwa wakisema wanampima.

Jioni ile jirani walijaa sebuleni na sufuria zao. Nadhiri ilikuwa imeshapita ukuta. "Yuko wapi Germosén mdogo?" Mtu akamvisha mtoto kofia ya timu, ikamfunika hadi kidevuni. Mwingine akampima mkono: "Huyu wa mkono wa kushoto huyu! Mpeni gongo, si chuchu!" Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha kweli, ila ndani yake kulikuwa na kipande cha kitu kisichotafunika.

Walipoondoka, Mirelis alinikuta jikoni.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Habari ya dawa za Germosén wako simtetei wala simhukumu, huyo mimi hakunizaa. Nadhiri ni nadhiri. Kama uliapa hujui, mtoto ataitwa Germosén, nami nitamwita hivyo kila asubuhi na hutanisikia nikilalamika. Lakini kama ulikuwa umeshasikia ile sufuria, basi umeliruka jina la baba yangu kwa ujanja. Kesho tunakwenda ofisi ya vizazi. Wewe ndiye utakayesema jina. Mimi sitatia neno."

"Nimeshakwambia, kabla."

"Sitatia neno," alirudia, akaenda kunyonyesha.

Nikatoka, nikagonga kwa mzee Quirino. Yeye ndiye mwenye sufuria ya kwanza. Redio yake kaivisha mfuko wa nailoni, huitoa mfuko siku za mechi tu.

"Mzee, leo uligonga saa ngapi hasa?"

"Gongo lilipolia. Mimi sichelewi, nikichelewa tunafungwa."

"Na mimi ulinisikia nikiapa lini? Kabla au baada?"

Akaniangalia. "Unataka nimekusikia lini?"

"Nataka ukweli, mzee wangu."

"Ukweli ni kwamba tunaongoza fainali tatu kwa mbili! Uliapa kwanza, kijana. Nitasema kwa mkeo, nitasema kwa padri, nikitakiwa nitasema kwa rais."

"Lakini ulisikia?"

"Kwa masikio haya? Hii redio yenyewe naisikia kwa kuishikashika."

Nikamshukuru. Nilipofika mlangoni kwangu ndipo nikakumbuka: huyu huyu Quirino ndiye aliyeniapia, miaka miwili iliyopita, kwamba vikombe vya mkojo vilibadilishwa, kwamba ana binamu New York anayefahamiana na mwosha vikombe. Nilimwamini kama sala. Nilikwenda kwa Fello na imani hiyo imekunjwa ndani ya ngumi. Sasa nilikuwa nimetoka kumwomba imani nyingine.

Asubuhi tulipanga foleni. Karani wa vizazi alikuwa mama mnene, amevaa kofia ya timu kazini, na hakuna aliyemwuliza.

"Jina la mtoto?" Kabla sijajibu akainua kidole. "Usiniambie! Germosén. Utakuwa wa nne tangu nifungue leo."

Foleni ikacheka. Mtu nyuma akapiga benchi kwa kiganja, ta-ta-ta, kama uwanjani. Nilimgeukia Mirelis. Alikuwa anasoma tangazo la chanjo ukutani. Nilitamani angalau anikanyage mguu.

Nikajirudisha Jumapili. Nikajiona nasimama, mtoto mkononi. Nikausikia mdomo wangu, kisha sufuria: kweli kabisa. Nikaanza upya. Nikaisikia sufuria, kisha mdomo wangu: nayo kweli kabisa. Zote mbili zilikuwa na harufu ya ndizi mbichi, zote mbili zilikuwa na uzito uleule wa mtoto mkononi. Nikajaribu mara ya tatu, sikupata hata moja. Mimi mtu wa kusema jambo mara moja na kulisimamia kwa ngumi, nilisimama mbele ya dirisha lile sijui kama nilikuwa mkweli au mwizi, na hapakuwa na kipimo cha kunipima.

"Baba, watu wanasubiri," karani alisema. "Ger-mo-sén. Niandike?"

Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Anselmo," nilisema.

"Nani?"

"Anselmo. Jina la babu yake."

Sauti moja nyuma ikasema, "Msaliti huyo! Kesho tukifungwa tutakuja kwako!" Wakacheka. Shingo ikanichemka. Nisingekuwa nimembeba mtoto, Mungu anajua. Karani akaandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayelipa faini isiyo yake.

Nje jua lilikuwa kali. Mirelis alimchukua mtoto, akamfunika uso kwa kanga yake ya mabegani.

"Kwa hiyo ulikuwa umesikia," alisema.

"Sijui."

"Nolberto."

"Sijui, Mirelis! Jana nilijua. Leo sijui. Ningesema Germosén ningekuwa nimeapia kitu nisichokijua, na sasa nimesema Anselmo najiona kama nimemwuza mtu aliyenipa utoto wangu wote. Usiniulize tena, sina kingine."

Tulitembea hadi kona ya bustani, hatua zake zikiwa fupi kwa sababu bado alikuwa na maumivu ya uzazi. Hapo akasimama kupumzika.

"Na kesho?" alisema.

"Kesho nini?"

"Mechi ya sita. Utamshangilia?"

Nikafungua mdomo kusema hapana, nikakuta ndiyo imekaa palepale. Nikataka kusema ndiyo, hapana ikasogea mbele. Mirelis alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikaona anataka kucheka, au kulia, sikuweza kutofautisha. Akanipa mtoto.

"Basi mwambie huyu," alisema. "Mimi umeshanichosha."

Nikaifunua ile kanga. Jicho moja lilikuwa wazi, linanitazama bila kunidai chochote.

"Anselmo," nilisema, na jina likanitoka geni, kama kiatu kipya. "Kesho akiutoa nje nitaruka, najijua. Halafu nitakasirika, najijua pia. Siku utakapoanza kuniuliza habari za watu, huyu mwema, huyu mbaya, na mimi sijui, nitakwambia sijui. Nakuahidi, mwanangu. Hata kama foleni nzima inasikiliza."