Barua ya Mtungi wa Kigiriki

Niliusoma mstari uleule mara tano. Barua ya umiliki, yenye tarehe ya mwaka 1958, ilidai kwamba mtungi ule wa Kigiriki, wenye farasi weusi juu ya udongo mwekundu, ulinunuliwa Italia mwaka huohuo na familia moja ya Minneapolis. Lakini kwenye anwani palikuwa na msimbo wa posta wa tarakimu tano. Marekani ilianza kutumia misimbo hiyo mwaka 1963.

Barua ilikuwa ya kughushi. Mtungi wenyewe ulikuwa halisi, wa miaka elfu mbili na mia tano, na ndani ya shingo yake udongo ulikuwa bado umeganda. Ulikuwa umefukuliwa kaburini juzijuzi tu, ukatoroshwa, na barua ilitungwa kuficha hilo.

Kwa miaka minne nilikuwa nikikagua vyombo vya kale katika nyumba ndogo ya mnada huko Golden Valley, kando ya Minneapolis. Mwenye mnada, Rachelle, ndiye aliyenidhamini nikapata kibali cha kazi. Mtungi ungeuzwa kesho yake.

Nilijifungia garini, nikampigia mume wangu, Felician.

"Ukinyamaza, nani atajua?" aliuliza.

"Mimi, baba Leah."

Nilisikia akivuta pumzi. "Leah yuko darasa la tatu. Tukirudi Dodoma tutaanzia wapi, Tulia?"

Theluji ilikuwa imeshafunika kioo chote cha mbele.

Nilirudi ndani, nikamwonyesha Rachelle msimbo ule. Aliisoma barua akiwa amesimama. Hakushtuka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu awali.

"Umemwonyesha nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi irudishe kwenye faili," alisema kwa upole, "uende nyumbani ukapumzike."

Niliirudisha, ila kwanza niliipiga picha. Nilipofika Roseville, tulikokuwa tukiishi, niliegesha gari nje ya duka, nikawaandikia wapelelezi wa serikali. Nilifuta jina langu mara mbili. Mara ya tatu nikaliacha.

Asubuhi walikuja, wakauchukua mtungi. Mchana Rachelle aliniachisha kazi. Sheria ilitupa siku sitini nipate mwajiri mwingine, la sivyo tuondoke Marekani. Niliomba kazi kila mahali, na hakuna aliyejibu.

Sasa nafundisha historia Dodoma. Felician hajanilaumu hata siku moja. Ila Leah anapouliza, kwa Kiingereza, lini tutarudi nyumbani, baba yake huinuka taratibu, akatoka nje, na mimi hubaki kumjibu.